Nguzo ya Kumi na Moja

Saa moja asubuhi, hapa Grimsby bado ni usiku.
Taa za winchi zinawaka, mbao za jukwaa zimeota barafu,
nami nimevaa soksi mbili, buti za kiume,
na helmeti iliyokalia mtandio kama sufuria juu ya mafiga.
Kiwanda cha korosho: fedha za Mtwara, udongo wa Lincolnshire.
"Kawaangalie," mkurugenzi aliniambia uwanja wa ndege.
"Wazungu nao ni mafundi kama mafundi wengine."

Mwezi wa kwanza nilijifunza lugha upya.
Kiingereza nilikuwa nacho, cha darasani, kimepigwa pasi;
hiki cha Neville Dannatt, msimamizi wa zege,
kilikuwa kimekunjwakunjwa mfukoni.
Akisema "si mbaya," amesifu.
Akisema "wazo zuri hilo," amekataa.
Akisema "nitalitazama," basi, lizike.
Nikacheka peke yangu: kumbe nao wana "kesho" yao,
ila wameivisha tai.

Nami nilimchosha. Nilianza na habari za asubuhi,
za mke, za mbwa, za mguu wake mbovu;
hadi nifike kwenye nondo, chai imepoa.
Kwetu humwambii mtu kazi yake mbaya
kabla hujamuuliza ameamkaje.
Yeye alidhani nazunguka kwa sababu naogopa.

Nguzo ya kumi na moja ilikuwa laini kuliko dada zake.
Hilo ndilo lililonishtua.
Nikaigonga kwa nyundo ndogo niliyotoka nayo Tanga,
kuanzia magotini: ko, ko, ko,
halafu, usawa wa kifua,
bo.
Nikakwangua. Lipu mbichi.
Nyuma ya lipu zege lina matundu kama sega,
kokoto kavu, hazijashikana mikono,
na nondo moja inachungulia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo nilivyofunzwa.
Hawa ufa wameuziba.
Na ukuta tutaujenga vilevile.

"Itatosha," alisema Dannatt.
"Nimeona mbaya zaidi ya hii zimesimama miaka arobaini."
Sikumuuliza habari za mguu.
"Ivunjwe."
Neno moja, likatoka na mvuke.

Siku tatu nyundo ya upepo ilinguruma.
Siku tatu hakuna aliyeniletea chai.
Vytas, kijana wa Kilithuania, alipita akitazama buti zake,
hadi jioni ya tatu, kwenye kontena la kubadilishia nguo,
akaniambia mashine ya kutetemeshea zege ilizimika katikati,
baridi ilikuwa digrii nne chini ya sifuri,
lori la pili lilikuwa getini linahesabu dakika,
na hakuna aliyeuliza.
Hata mimi. Nilikuwa ofisini, miguu mbele ya hita,
nikijaza fomu kwamba nimesimamia.

Hilo sikuliandika kwenye ripoti. Naliandika hapa.

Wiki iliyofuata nikakunjua mchoro wa mifereji,
nikakuta alama ya penseli, ndogo kama chawa:
mshale niliouelekeza mlangoni
umegeuzwa, ushuke shimoni.
Maji yangetoka kuwalaki wageni wa ufunguzi.
Pembeni, kipimo kimesahihishwa. Nne yake iko wazi juu,
kama zile za daftari la Dannatt.
Hakumwambia mtu. Hata mimi hakuniambia.

Siku ya ishirini na nane ya nguzo mpya
tulikwenda maabara na michemraba yetu.
Tulihitaji thelathini na tano;
wa kwanza ulishikilia, ukashikilia,
ukapasuka kwenye arobaini na moja.

Tuliporudi aliniwekea kikombe juu ya tofali,
maziwa mengi mno, sukari hakuna, kama imani yao ilivyo.
Nikakinywa chote.
"Mguu wako unaendeleaje?" nikamuuliza.
"Si mbaya," akasema,
na hakuutazama mguu.
Alikuwa anatazama nguzo.